Umepangiwa kazi Newala? Kagua paa kabla ya sebule

Mtumishi mgeni akifika Newala, mkoani Mtwara, huuliza nyumba ina vyumba vingapi na kama umeme umeingia. Hayo ni ya pili. La kwanza ni bati na kisima, yaani tangi la kujengea la kuwekea maji ya mvua: paa lina ukubwa gani, gata zimezunguka pande zote au upande mmoja tu, na uani kuna kisima cha lita ngapi. Nyumba nzuri isiyo na kisima, ikifika Septemba, itakula mshahara wako ndoo kwa ndoo.

Sababu iko ardhini. Mji umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kuelekea mashariki uwanda unateremka taratibu mpaka karibu na pwani ya Mtwara, lakini upande wa Newala unakatika ghafla. Chini ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Udongo wa juu ni wa kichanga, haushiki maji. Mvua inazama chini sana, kisha inatokeza kwenye miteremko na mabondeni, ndiyo maana huku juu huoni mto. Zamani akina mama walishuka huko alfajiri na kupanda na maji kichwani. Mradi mkubwa wa kwanza wa mabomba ulijengwa miaka ya 1950, enzi ya Waingereza. Leo chanzo kikuu ni visima vya kuchimba vya Mitema, bonde la Kitangari, ambako pampu husukuma maji kupanda mlima. Umeme ukiyumba au bomba kuu likipasuka, mtaa mzima unarudi kwenye maji ya mvua. Kwa hiyo hata mwenye bomba uani anahitaji kisima.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Pima paa kwa hatua, urefu mara upana, ukitazama kivuli chake chini na si mteremko wa bati. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Tuchukulie mwaka umetoa milimita 900, na moja ya tano ipotee kwa kurukia nje na kufurika: 80 × 900 × 0.8 ni lita 57,600. Maji yapo mengi. Tatizo ni kwamba yanakuja kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja, ni lita 100 kwa siku. Kiangazi cha siku 180 kinataka lita 18,000. Hicho ni kisima cha duara chenye upana wa mita 3 na kina cha mita 2.6 hivi. Simtanki la lita 5,000 peke yake litakufikisha siku 50, yaani Julai linalia tupu.

Ukipelekwa kuona nyumba, usiishie kuchungulia kisima. Omba mambo haya yafanyike kabla hujalipa kodi ya miezi sita:

Weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji jioni, mfuniko ufungwe, mtu yeyote asichote, kisha tazama tena jioni ya kesho yake. Katika kisima cha mita 3, kushuka kwa sentimita moja ni lita 70 zimekwenda. Kilichofunikwa hakikaushwi na jua, kwa hiyo maji yakishuka ni ufa. Nyufa nyingi hutokana na kisima kuachwa kikavu miezi mingi: lipu inakauka, inapasuka, na mvua ikija maji yanapita. Mwenye nyumba anayesema "kimekauka kwa sababu hakuna mpangaji" anakueleza, bila kujua, kwamba huenda kimeshapasuka. Wewe ukihamia, usikikaushe kabisa. Acha walau sentimita 30 chini.

Tazama gata. Ziteremke kuelekea bomba la kushushia maji kwa karibu sentimita moja kila mita moja. Gata iliyolegea katikati hutuama maji, mbu wakazaliana, na mvua kubwa ikija maji yanaruka juu ya ukingo badala ya kwenda kisimani. Nyumba nyingi zina gata upande wa mbele tu, kwa ajili ya kupendeza. Hapo gawa zile lita 57,600 kwa mbili.

Mwembe au mkorosho unaoinamia paa ni uzuri wa kivuli na ubaya wa maji. Majani yanaozea kwenye gata na maji yanakuwa ya rangi ya chai. Omba matawi yakatwe. Mdomo wa kuingizia maji uwe na wavu wa chandarua, na mfuniko uwe na kufuli. Watoto wamekufa visimani kwa mifuniko ya bati iliyowekewa jiwe tu.

Halafu uliza swali ambalo wageni husahau: maji ya kisima ni ya nani? Wapo wenye nyumba wanaohesabu kwamba kodi yako ni ya vyumba tu, na maji watawauzia majirani. Iandikwe kwenye mkataba. Usishangae mwenye nyumba akikuomba usubiri mpaka aongee na mjomba wake. Ukoo wa Kimakonde unahesabiwa upande wa mama, na katika mambo ya mali neno la mjomba ni zito. Ukimkuta, msalimie kwa shikamoo na ukae kwanza. Mkataba mtaufikia tu.

Mvua za kwanza usizikinge kisimani. Kuanzia karibu Mei mpaka Agosti wakulima wanapulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, alfajiri, kabla upepo haujaamka. Unga huo, pamoja na vumbi jekundu la kiangazi na kinyesi cha ndege, unalala juu ya bati mpaka Novemba. Panda usafishe gata mwishoni mwa Oktoba. Mvua ikianza, geuza bomba limwage nje au kwenye pipa: kila mita ya mraba ya paa inataka walau lita moja ya kuoshea, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 limwage lita 80. Maji hayo yanafaa kufyatulia tofali au kumwagilia mchicha. Mwishoni mwa Januari mpaka Februari mvua huweza kukatika kwa wiki kadhaa. Ikirudi baada ya mapumziko marefu, osha paa tena. Maji ya kunywa chemsha au tia dawa, hata yakionekana meupe. Chota kwa bomba au pampu ya mkono. Ndoo ya kamba iliyokuwa imelala chini ndiyo inayochafua kisima kizima.

Salfa ina jambo lake jingine. Mwenye pumu asikodi nyumba iliyozungukwa na shamba la mikorosho, na nguo usizianike nje usiku katika miezi hiyo.

Juni na Julai ni baridi kweli. Mtu aliyezoea joto la Mtwara mjini huja na shuka moja. Leta sweta na blanketi zito, na kwa mtoto mchanga leta mawili. Asubuhi ukungu unaweza kufunika barabara, bodaboda asikimbie.

Kuhusu safari, barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa km 210. Kipande cha kwanza, km 50 mpaka Mnivata, ndicho kilichotangulia kupata lami. Ukipanga kuja na vyombo vya nyumbani kati ya Januari na Aprili, ulizia madereva wa Tandahimba hali ya njia siku hiyohiyo, maana habari ya wiki iliyopita haifai tena. Na kwa kuwa hii ni wilaya ya mpakani, kitambulisho cha taifa kikae mfukoni.

Mji una wakati wake wa pesa. Korosho zinaanza kuanguka Septemba au Oktoba, zinapelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kuuzwa kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza Mtwara mwaka 2007. Malipo yakiingia benki, foleni ni ndefu, gesti zinajaa, na fundi uliyekuwa unambembeleza Agosti hapokei simu. Kwa hiyo ukarabati wa kisima, kitanda cha kuchonga, gata mpya, vyote vimalizike kabla ya Oktoba. Jihadhari na kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupwa nje ya mfumo huo rasmi. Watumishi wameingia kwa tamaa. Ni kosa kisheria.

Chakula hakina shida. Onja ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa stendi. Iliwe ingali ya moto, kwa chumvi. Mabibo ya msimu hukaushwa na hukaa miezi.

Kabla hujaketi na wazee, fahamu miaka mitatu. Mwaka 1882 Wangoni walishambulia misheni ya Waanglikana ya Masasi, iliyoanzishwa 1876, na sehemu ya watu wake wakahamia Newala. Oktoba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka Ruvuma na kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, lakini kabla Novemba haijaisha walikuwa wametimuliwa. Na 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi ng'ambo ya mto, hivyo familia nyingi hapa zina ndugu pande zote mbili. Hilo la tatu ulizie taratibu, wapo waliofiwa.

Shimo la Mungu, pale ukingo unapokatika na bonde lote kuonekana, nenda jioni kuanzia saa kumi. Asubuhi ya Juni utaona ukungu tu. Vaa viatu vinavyoshika, maana changarawe ya ukingoni inateleza, na usimpeleke mtoto bila kumshika mkono.