Ishara na mifumo ya linia: jifunze kwa mto Luiche, betri na ziwa

Wanafunzi wa uhandisi wanaorudi Kigoma likizo huniletea shida ileile: somo la ishara na mifumo limewakalia vibaya, hasa konvolusheni, yaani kujumlisha majibu ya mfumo kwa mapigo yanayofuatana. Daftari limejaa intigrali, lakini ukiuliza intigrali hiyo inajumlisha nini, hupati jibu. Kazi yangu ni vipimo vya maji, na somo hili nalitumia mara kwa mara. Ninachowaambia wote ni hiki: anza na namba, kwa mkono, mpaka uone kinachotokea. Fomula ije baadaye kuandika kwa ufupi kitu unachokijua tayari.

Andaa daftari, mita ya umeme ya kidijitali, rezista ya kiloohmu 10, kapasita ya maikrofaradi 1000 ya volti 16, betri ya volti 9 na betri tatu ndogo za volti 1.5. Kompyuta ikiwepo, weka Octave. Ni programu ya bure, na ukishaipakua haihitaji bando.

Hatua ya 1: Tafuta jibu la impalsi

Impalsi ni pigo moja fupi linaloingia kwenye mfumo, kisha kimya. Chukua mto Luiche, unaoingia Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji. Tuseme siku moja tu imenyesha mvua ya kipimo 1, kisha jua. Maji hayafiki mtoni yote kwa pamoja: ya karibu yanawahi, ya milimani yanachelewa. Tuseme mto unaongezeka kwa 2 siku hiyohiyo, 5 kesho yake, 3 siku ya tatu, 1 siku ya nne, kisha unarudi kawaida. Namba nimezibuni kwa ajili ya zoezi. Orodha hiyo, 2, 5, 3, 1, ndiyo jibu la impalsi. Wahandisi wa maji wanaitumia tangu mwaka 1932, Mmarekani L. K. Sherman alipoipendekeza kwa ajili ya mito.

Hatua ya 2: Fanya konvolusheni kwa kalamu

Hapa usiharakishe. Sasa mvua inanyesha hivi: Jumatatu 1, Jumanne 3, Jumatano hakuna, Alhamisi 2. Kila mvua inaleta orodha yake ya 2, 5, 3, 1, ikianzia siku yake na kuzidishwa kwa ukubwa wake. Ziandike kwa mistari, kila moja ikianzia chini ya siku yake:

Mvua ya Jumatatu: 2, 5, 3, 1
Mvua ya Jumanne, kuanzia Jumanne: 6, 15, 9, 3
Mvua ya Alhamisi, kuanzia Alhamisi: 4, 10, 6, 2

Jumlisha kila siku peke yake. Jumatatu 2. Jumanne 5 na 6, yaani 11. Jumatano 3 na 15, yaani 18. Alhamisi 1, 9 na 4, yaani 14. Ijumaa 3 na 10, yaani 13. Jumamosi 6, Jumapili 2.

Umemaliza konvolusheni. Angalia kwamba mto umejaa zaidi Jumatano, siku ambayo haikunyesha hata tone. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini, ameshalielewa somo kuliko yule aliyekariri kugeuza mchoro na kuuburuta. Kule kugeuza kunatokana na swali la Alhamisi: maji ya leo yametoka mvua ya siku zipi? Ya leo unaizidisha kwa 2, ya jana kwa 5, ya juzi kwa 3. Unahesabu kurudi nyuma, kwa hiyo orodha moja inasomwa kinyume.

Kagua kazi yako: jumla ya mvua ni 6, jumla ya jibu la impalsi ni 11, na jumla ya majibu lazima iwe 66. Kwenye Octave andika conv([1 3 0 2],[2 5 3 1]) uone kama namba ni zilezile.

Hatua ya 3: Uliza kama mfumo ni wa linia kweli

Hesabu ya juu ina masharti mawili. La kwanza ndilo ulinia: ukiongeza mvua mara tatu, mto uongezeke mara tatu, na mvua mbili zijumlishwe bila kuingiliana. La pili ni mfumo kutobadilika na wakati: mvua ya leo na ya mwezi ujao zitoe jibu lenye umbo moja.

Mto halisi unayavunja yote mawili. Mvua za kwanza za Novemba zinamezwa na ardhi iliyokauka tangu kiangazi. Mvua ileile ikinyesha Machi, ardhi imeshiba na maji yanateremka mtoni. Ndiyo maana kwanza tunatoa kiasi kilichonywewa na ardhi, kisha tunafanya konvolusheni kwa kilichobaki. Kwenye mtihani utaambiwa mfumo ni wa linia. Kazini ni wewe wa kuthibitisha.

Hatua ya 4: Ushike mfumo mkononi

Unga rezista na kapasita mfululizo kwenye betri ya volti 9. Mguu wa kapasita wenye mstari ubavuni ni hasi, usiugeuze. Kabla ya kuanza, gusanisha miguu ya kapasita kupitia rezista kwa dakika nzima ili iishe chaji. Washa, soma volti za kapasita kila sekunde 5.

Kiloohmu 10 kuzidisha maikrofaradi 1000 ni sekunde 10. Baada ya sekunde 10 utegemee asilimia 63 ya volti za betri, karibu volti 5.7, baada ya 20, karibu 7.8. Ikitofautiana kidogo usishtuke, kapasita za aina hii huweza kupungua au kuzidi kwa asilimia 20. Rudia kwa betri tatu ndogo, volti 4.5. Kila namba ikishuka nusu kwa sekunde ileile, umeuona ulinia kwa macho yako.

Hatua ya 5: Ndipo ufungue Fourier

Kwa mfumo wa linia usiobadilika na wakati, wimbi la sain likiingia, linatoka sain ya masafa yaleyale, yaani idadi ileile ya mizunguko kwa sekunde. Kinachobadilika ni ukubwa na kuchelewa tu. Joseph Fourier, aliyekuwa akichunguza joto, alionyesha jinsi ya kuvunja ishara kuwa mawimbi ya namna hiyo. Ukishaivunja, konvolusheni inageuka kuwa kuzidisha. Saketi yako ya sekunde 10, kwa mfano, inapunguza wimbi la hezi 50 zaidi ya mara 3,000. Mbinu ya Laplace inafuata njia hiyohiyo na kuongeza mawimbi yanayokua au kufifia. Ukiwa na Fourier haitakusumbua.

Hatua ya 6: Sampuli

Sampuli ni vipimo unavyochukua kila baada ya muda fulani. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yenye joto ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Upepo ukitulia, mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi chini huanza kupanda na kushuka, mzunguko mmoja ukichukua karibu wiki tatu hadi nne. Tuchukue siku 28. Mtu akipima joto la maji ya kina fulani kila baada ya siku 30, namba zake zitaonyesha wimbi la siku 420, kwa sababu 1/28 kutoa 1/30 ni 1/420. Ataandika kwamba ziwa linabadilika kwa zaidi ya mwaka, na wimbi hilo halipo.

Kanuni ya sampuli inataka zaidi ya sampuli mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo hapa nafasi iwe chini ya siku 14. Mimi ningepima kila siku 7, kwa sababu upepo hauji kwa sain safi na mizunguko mifupi ipo. Boti ikikosekana, acha kihisi kinachojirekodi majini kikisoma kila saa, ukichukue mwisho wa msimu.