Jinsi ya kumuelekeza mama ajichukulie mwenyewe sampuli ya HPV

Wenzangu manesi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, hii ni kwa wale mnaozunguka vijijini Tandahimba, Nanyamba, Ruangwa na kwingine huku kusini. HPV ni kirusi kinachoweza kuleta kansa ya shingo ya kizazi. Sampuli anayojichukulia mama mwenyewe, ikipimwa kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi), inakamata sawa tu na ile anayochukua daktari. Kazi ipo kwenye kukubali, na mama anaamua kabla hata hajakishika kijiti chenye pamba cha kuchukulia sampuli.

Hatua ya 1. Ulizia njia ya majibu kwanza. Sampuli inaenda maabara gani, majibu yanarudi lini, na akikutwa na kirusi anatibiwa wapi. Mashine ya GeneXpert ileile ya TB inapima na HPV kama katriji zake zipo, na majibu yanatoka ndani ya kama saa moja, kwahiyo ulizia kabla hujaita watu. Wamama wamechoka kutoa vipimo halafu kimya, ukienda bila jibu la hili watakusikiliza kwa heshima tu na hawatakuja.

Hatua ya 2. Chagua wakati na watu. Oktoba mpaka Desemba watu wako kwenye korosho, usiitishe mkutano asubuhi, fuata vikoba jioni au siku ya kliniki ya watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema kipimo kianze miaka 30, mwenye VVU kuanzia 25. Ongea na makungwi mapema, kwenye unyago wao ndo wanaoongea haya mambo bila aibu na bibi akishasema "hiki hakina neno" nusu ya kazi imeisha.

Hatua ya 3. Maongezi, na hapa usiharakishe kabisa. Utasikia hofu zilezile: kijiti kitapotelea tumboni, nitakosea, mume ataniambia nimetembea nje. Kupotea hakiwezi, njia inaishia kwenye shingo ya kizazi. Kukosea sio rahisi kwasababu hahitaji kuifikia hiyo shingo, majimaji ya ukeni yanatosha. La mume ndo zito, mwambie wazi kwamba watu wengi walioanza kujamiiana wanakipata hiki kirusi wakati fulani, mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na kinaweza kukaa miaka bila dalili, kwahiyo hakuna anayeweza kusema kimetoka kwa nani wala lini. Na kuwa nacho sio kuwa na kansa. Haya yaseme kabla ya kipimo, ukimwambia baada ya majibu anaona unambembeleza.

Hatua ya 4. Onyesha kwa mkono. Kunja ngumi ilegee kidogo, pitisha kijiti kwenye lile tundu, zungusha, toa. Halafu mpe yeye afanye kwenye ngumi yake. Ukimuona anazungusha bila kukuangalia usoni, yuko tayari.

Hatua ya 5. Yeye mwenyewe. Asiwe kwenye siku zake, mjamzito asubiri ajifungue. Ananawa, anachuchumaa au anaweka mguu mmoja juu ya stuli, anaingiza taratibu mpaka kwenye alama ya kijiti, kama hakina alama basi urefu wa kidole hivi, asilazimishe, anazungusha kama sekunde 20, anatoa bila kugusa pamba na kutia kwenye kichupa. Tone la damu likionekana sio tatizo. Mlango uwe na komeo, kama choo cha zahanati hakifungi funga kitenge na mtu asimame nje, hili dogo linawarudisha wengi nyumbani.

Anayetokwa damu baada ya tendo au uchafu wenye harufu asiishie kwenye kijiti, mpeleke akaangaliwe.

Hatua ya 6. Andika jina na tarehe kwenye kichupa palepale mbele yake. Ukichukua namba uliza simu ni ya nani, nyingi ni za mume au mtoto, na mkubaliane utasema nini akipokea mwingine, mfano "njoo kliniki Jumanne" basi.

Hatua ya 7. Mwenye kirusi mfuate mwenyewe mpaka afike aangaliwe shingo ya kizazi kwa kupakwa siki na atibiwe, ikifaa sehemu yenye tatizo inachomwa kwa joto siku hiyohiyo na kurudi kwake. Asiye nacho mwandikie kwenye kadi arudi baada ya miaka 5, mwenye VVU baada ya miaka 3.