DVD Yasoma Kwako, kwa Mwenzako Haisomi: Fanya Hivi

Wiki iliyopita dada mmoja alinirudishia DVD ya send-off ya mdogo wake. "Kaka, hii haina kitu." Nikaitia kwenye kompyuta niliyoichomea, video zote zikafunguka. Kwake, kwenye laptop na kwenye deki, hola. Nilihangaika toka asubuhi hadi magharibi na diski mpya tatu zikaharibika.

Hatua ya 1. Geuza diski uitazame kwenye mwanga. Sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo, duara linaloanzia katikati kwenda nje. Ukiliona, kuna kitu kimeandikwa. Usikimbilie kuchoma upya. Alama za vidole zifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha.

Hatua ya 2. Hakikisha draivu ya mwenzako inasoma DVD. Zipo za CD tu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Kuanzia Windows 7, ukitia diski tupu unaulizwa: itumike kama flashi, au itumike kwenye deki? Mimi nilichagua flashi kwa sababu unaburuta mafaili tu. Kumbe diski ya namna hiyo hubaki wazi mpaka sesheni (awamu ya kuandika) ifungwe. Kawaida Windows huifunga yenyewe unapoitoa diski, lakini siku ile umeme ulikatika, nikaitoa kwa kuchokoa kitundu cha draivu kwa pini. Irudishe kwenye kompyuta ileile, bofya draivu kwa kitufe cha kulia, chagua "Close session", subiri hadi imalize.

Ila usishangilie bado. Laptop inaweza kusoma sasa, na deki ikagoma vilevile, kwa kuwa chaguo la flashi hutumia toleo jipya zaidi la UDF (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski), ambalo deki nyingi hazilijui. Tena deki nyingi zinataka DVD ya video yenye folda ya VIDEO_TS; kunakili mp4 peke yake hakutoshi. Na kompyuta yoyote ikikuomba ui-format (uifute na kuiandaa upya) diski hiyo, kataa! Kwanza nakili mafaili yote kwenye hard disk ya kompyuta, ndipo uchome upya kwenye diski nyingine.

Hatua ya 4. Kuchoma natumia programu ya ImgBurn, ya bure na nyepesi. Weka kasi ya 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, na uache ihakiki ikimaliza. Kazi ya mteja usiitie kwenye RW (diski ya kufuta na kuandika tena): huakisi mwanga kidogo, lenzi iliyochoka haiioni. Usipite GB 4.7, ambazo Windows huzionyesha kama 4.37.

Hatua ya 5. Jaribu kwenye mashine nyingine. Nina deki ya zamani kwa kazi hiyo tu. Nacheza dakika za mwanzo, kisha naruka hadi za mwisho, maana huko ukingoni mwa diski ndiko makosa ya kuchoma hupenda kujificha.