SOMO: Namna ya kuangalia muvi na washkaji na kuichambua kweli, sio kuishia "kali sana"

Wakuu habari za muda huu. Najua wengi mna vigrupu vyenu vya kucheki muvi wikendi, mnakutana sebuleni kwa mtu, chipsi zipo, soda zipo, muvi inaisha mmoja anasema "kali", mwingine "ya kawaida tu", wa tatu kalala toka nusu saa ya kwanza, mnaagana. Hamna ubaya. Ila kama mnataka ule mjadala wa mtu kukupigia simu kesho yake asubuhi eti bado hajakubali, kuna namna ya kuupanga, naweka hatua hapa na maswali mtupie chini.

Kanuni kuu ni moja tu na sisi tunaiita LETA DAKIKA. Ukisema kitu chochote kuhusu muvi, cha kusifia au cha kuponda, utaje ni sehemu gani ya muvi imekufanya useme hivyo. "Adui anatisha" haitoshi, anatisha wapi, akifanya nini, tunaona nini, tunasikia nini. Huna dakika, zamu inahamia kwa jirani yako. Hizo hatua zingine zote zipo kwa ajili ya kuisaidia hii.

HATUA YA 1: WATU

Watano mpaka saba. Wakizidi hapo mnagawanyika, kona hii wanajadili muvi kona ile usajili wa Simba na Yanga. Msiwe wa aina moja, tafuta mtu wa muvi za kihindi, mtu wa ngumi, mtu wa vitabu, na kama mnampata mzee mmoja aliyekuwa anakata tiketi kwenye kumbi za sinema za Avalon au Empress pale Dar, au Majestic ya Unguja, msimwache, yule aliziona kwenye pazia kubwa akiwa amezungukwa na watu mia kadhaa wanaopiga miluzi, nyie mmeziona kwenye simu. Na mbembelezeni aje hata mmoja asiyependa muvi kabisa, maana ndo atauliza vile vitu mlivyovizoea mpaka hamvioni tena.

HATUA YA 2: KUCHAGUA

Tunazungusha aina tatu, kalti, klasiki na mpya, ili kila mtu aumie kwa zamu yake hahaha.

Kalti ni muvi ambayo kwa vigezo vya kawaida haina kitu, hela hamna, waigizaji ni watu wa mtaani, lakini ina wafuasi wanaoijua sini kwa sini. Ukitaka mfano wa karibu chukua Who Killed Captain Alex? ya Uganda ya mwaka 2010, kaitengeneza Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, bajeti inayotajwa siku zote haifiki hata dola 200, silaha ni za kuchongwa na kuungaunga na vyuma chakavu, helikopta za kompyuta zinalipua jiji, na mtu mmoja anaitwa VJ Emmie anaongea juu ya muvi mwanzo mwisho, anatania, anashangilia, anawatangaza makomando kama mtangazaji wa mpira. Imesambaa dunia nzima. Ukiidharau kabla hujamaliza dakika ishirini basi we ni mtu mgumu.

Klasiki kwetu ya kuanzia ni Sholay ya mwaka 1975. Najua kuna watakaosema mbona ya kihindi, sa nyie semeni ni muvi gani nyingine ambayo bibi, baba na mjukuu wa Pwani wote wanaijua. Mpya, yaani ya miaka hii ya karibuni, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya hamsini, Denge na siasa zake za kupinga mkoloni, Yasmin aliyekimbia ndoa ya mzee. Ilichukua Tanit ya dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia, na Tanzania ikaipeleka Oscar.

HATUA YA 3: MNAANGALIA TOLEO GANI

Hapa wengi wanapita haraka na ndo pametufundisha zaidi. Sisi tumekuzwa na vibanda umiza na muvi za kutafsiriwa, enzi za Lufufu aliyekuwa anatafsiri kwa sauti yake juu ya muvi, Kenya wana DJ Afro mpaka leo. Muvi ya DJ ni muvi nyingine kabisa! DJ anampa staringi jina la mtaani, anakuambia adui anawaza nini wakati adui kakaa kimya, na pale mwongozaji alipoweka ukimya wa makusudi DJ anaujaza maana kazi yake ni watu wasilale. Mi simlaumu, ni sanaa kamili ile, ila mkibishana huku mmoja kaona ya DJ na mwingine kaona yenyewe hamuwezi kuelewana mpaka asubuhi. Kubalianeni mapema. Na siku moja fanyeni makusudi, sini ileile mara ya kwanza bila DJ, mara ya pili na DJ, halafu kila mtu aseme alimuonea nani huruma kila mara. Majibu yanabadilika aisee.

Captain Alex yenyewe haina hiyo njia, ile ya bila VJ haipo tena, Nabwana alifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza muvi inayofuata. Kwa hiyo sauti ya VJ ndo sehemu ya muvi na mnaichambua pamoja nayo.

Sholay nayo ina miisho miwili. Mwongozaji Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur, polisi wa zamani, anamuua jambazi Gabbar mwenyewe kwa miguu, maana mikono hana, ila India ilikuwa kwenye hali ya hatari mwaka ule na bodi ya ukaguzi ikagoma, haiwezekani raia tena polisi wa zamani achukue sheria mikononi, ikabidi wapige mwisho mwingine polisi wanafika dakika ya mwisho. Matoleo yote yapo yanazunguka. Angalieni mliyonayo ina upi kabla hamjaanza kutukanana.

HATUA YA 4: KUANGALIA

Simu zote kwenye sahani moja mezani. Hakuna kuongea, hakuna "subiri uone hapa". Luku iangaliwe mapema, sio dakika ya mwisho ya muvi ndo mnachangishana. Kama muvi ni ndefu, na Sholay inapita saa tatu, ina intavo, tumieni hiyo intavo, kojoeni, kuleni, ila msijadili.

HATUA YA 5: DAFTARI

Muvi ikiisha dakika kumi kimya. Kila mtu anaandika vitu vitatu: sini iliyobaki kichwani, kitu ambacho hakukielewa, na sauti moja anayoikumbuka. Hiyo ya sauti wanailalamikia wote mwanzoni, ila ndo inayotoa dhahabu. Kwa nini kuandika? Kwa sababu yule mwenye sauti kubwa akianza kuongea tu wengine wote wanasahau walichoona wao.

HATUA YA 6: MZUNGUKO

Anaanza mdogo kuliko wote au mgeni. Anayeijua muvi kuliko wote anaongea WA MWISHO. Na leta dakika inaanza kufanya kazi.

Nipe nafasi nionyeshe inavyokuwa. Mtu anasema Gabbar Singh ndo adui bora kuliko maadui wote. Leta dakika. Anasema pale anapoingia. Haya tulione, rudisha nyuma. Kumbe hatumuoni sura, tunaona buti zinatembea juu ya mwamba na mkanda unaburuzwa, tunasikia kwanza, na vijana wake watatu waliorudi mikono mitupu wanaanza kuogopa kabla yetu. Halafu bastola ina risasi sita na watu ni watatu, anafyatua tatu hewani ili ibaki hesabu sawa, anazungusha, anawalenga mmoja mmoja, zote zinalia tupu, wanapona, anacheka, wale nao wanaanza kucheka, kundi zima linacheka, na wewe uliyekaa kwenye kochi unajikuta unacheka. Ndo anawaua wote watatu. Sasa hapo mjadala umekuja wenyewe, alitufanya tucheke ili iweje? Mtu wa ngumi kwenye kundi letu alisema anatisha kwa sababu hana haraka, na sijaona aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Au yule asiyependa muvi anauliza, mbona kwenye lile shambulio Thakur yupo karibu na bunduki na hakuwarushia Veeru na Jai, wale vijana wawili aliowaajiri wamkamate Gabbar? Wote mliozoea mnacheka maana mnajua shali inaficha nini, lakini rudini mkaangalie ile shali toka mwanzo, jinsi alivyofichwa mikono sini baada ya sini na hakuna aliyeshtuka. Swali la mtu asiyejua ndo limewafungulia kazi yote ya mwongozaji.

Na sarafu ya Jai! Anairusha kila wakiwa na uamuzi mgumu, mpaka anakufa ndo mwenzake anaigeuza anakuta pande zote mbili sawa. Tuliokulia kwenye "staringi hafi" hii ilituuma sana.

HATUA YA 7: SINI MOJA MARA MBILI

Chagueni sini moja mwirudie bila sauti, kisha bila picha, geuzeni tivii ukutani. Kwa Sholay chukueni Jai anapuliza kinanda cha mdomo nje na yule mjane Radha anazima taa moja moja barazani. Hawasemi kitu. Kwa Vuta N'kuvute chukueni yoyote yenye taarabu, muangalie muziki unasema nini ambacho wahusika hawawezi kukisema mbele za watu. Mwenye riwaya aje nayo, ila marufuku kusema "kwenye kitabu haikuwa hivyo" ukaishia hapo, sema filamu imepata nini kwa kukibadilisha kitu hicho, au imepoteza nini.

HATUA YA 8: KUANDIKA

Mmoja anaandika aya mbili tatu, zamu kwa zamu, na anaweka pia hoja ya aliyepinga. Nyota tano sisi hatutoi. Ukishaweka nyota tatu na nusu watu wanabishania nusu.

Haya karibuni maswali.

---

Kijana wa Tabata: Mkuu somo safi ila sisi hatuna projekta, tuna tivii ya inchi 32 tu.
JIBU: Inatosha sana. Hela ikipatikana nunueni sabufa ya maana kwanza, projekta baadaye. Picha ndogo unasogea karibu, sauti mbovu hata ukisogea haisaidii.

Dada wa Nakuru: Kwetu kuna mmoja ameshawatch kila kitu na kila mara anaspoil, tumfanye nini?
JIBU: Mpe kazi ya kushika rimoti na daftari la dakika, yaani mtu akitaja sini yeye ndo anaitafuta. Ujuaji wake unapata ajira. Na muwe mnachagua kalti za ajabu ajabu ambazo hata yeye hazijui.

Mpenda Bongo: We unakataza spoila halafu umeandika Jai anakufa???
JIBU: Mkuu muvi ya 1975. Ilikaa ukumbi mmoja Bombay, Minerva, zaidi ya miaka mitano. Ulikuwa wapi.
Mpenda Bongo: Nilikuwa sijazaliwa!!
Mzee wa Sinema: Na mimi niliyekuwepo hakuna aliyenificha, waliotoka shoo ya kwanza walikuwa wanatusimulia kwenye foleni ya shoo inayofuata, tukaingia na tukalia vilevile.

Mama Wawili: Shikamooni wakubwa. Sisi tunaangalia kwa mashemeji na mama mkwe naye anapenda kukaa, sasa zikija zile sini zenyewe inakuwaje?
JIBU: Marahaba dada. Mwenye zamu ya kuchagua aiangalie peke yake kabla, aandike dakika za hatari. Akiwepo mama mkwe wekeni klasiki ya kihindi, pale wanapokaribia kubusiana wanaanza kuimba.
Mpemba wa Mjini: Mama mkwe wangu ndo anasema "acha iende, mi nimezaa watoto saba".

Niko Muscat: Sisi kundi letu mmoja yuko Muscat, wawili Dar, mmoja Toronto. Tutawezaje kuangalia pamoja?
JIBU: Pigeni kol ya grupu, hesabuni moja mbili tatu bonyezeni wote, halafu zimeni maiki. Hakikisheni faili ni toleo moja maana wengine wana lililokatwa na dakika hazitalingana. Mjadala wekeni kwa sauti za kurekodi, kila mtu moja isiyozidi dakika tatu, yule wa Toronto atajibu akiamka.

Mbishi: Muvi ni burudani nyie mnaleta shule. Nikitoka kazini nataka watu wapigane basi.
JIBU: Sawa kabisa, lete muvi ya watu kupigana na utuletee dakika ya pigano bora. Kwa nini hilo na sio lile lingine? Ukijibu tu umeshaingia darasani.
Mbishi: Nitakuja ila chipsi ziwepo.

Mwanafunzi wa Mwanza: Hizi muvi tunazipata wapi bila kununua flashi za wizi?
JIBU: Captain Alex wenyewe wameiweka YouTube bure, anzeni nayo, bando tu. Za kwetu mpya fuatilieni kina ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, na maonyesho ya vituo vya utamaduni mijini, mara nyingi kiingilio kidogo au hamna. Flashi ya kibanda hata ukiacha dhambi, nusu ya muvi imekatwa na rangi zimekufa, utachambua nini.

Dada wa Nakuru: Tukimaliza hizo tatu tuweke gani? Nataka ya Afrika ya zamani.
JIBU: Mandabi ya Ousmane Sembène, Senegal, 1968, imeongewa Kiwolof. Jamaa ana wake wawili, katumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris, anaenda posta wanamwambia lete kitambulisho, anaenda kuomba kitambulisho wanamwambia lete cheti cha kuzaliwa, na mtaa mzima umeshasikia ana hela.
Kijana wa Tabata: Hiyo si NIDA kabisa 😂
JIBU: Ndo maana nakwambia. Mkiiangalia kila mtu ahesabu ni watu wangapi wamemuomba hela kabla hajashika hata senti, halafu mlete dakika.