Mwembe ulioegemea sheli

Ndugu zangu wa Tabora, mji wetu una miembe mikubwa, na mingine imeinamia sheli na maduka ya gesi. Ukitaka kuukata mti wa namna hiyo, usikubali fundi auangushe mzima mzima. Apande na kamba, aanzie matawi ya juu, kila kipande kifungwe na kushushwa taratibu upande usio na pampu.

Hatari kubwa haionekani kwa macho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama kwenye mitaro na mashimo. Gesi ya kupikia nayo ni hivyo hivyo. Cheche moja tu inatosha! Kwa hiyo pampu zizimwe, na lori linaposhusha mafuta kazi isifanyike kabisa. Msumeno wa mnyororo ujazwe mafuta mbali na hapo, tena ukiwa umepoa. Nyaya zikipita karibu, TANESCO wakate umeme kwanza.

Kisiki msiking'oe kwa trekta, maana mizizi inaweza kuwa imekumbatia matangi na mabomba yaliyofukiwa. Kikateni kifupi, mnyororo usiguse mawe. Na mwenye sheli aambiwe siku kadhaa kabla, si asubuhi ya kukata.