Nepi ya Mgonjwa wa Kitandani: Jinsi ya Kuivalisha Isivuje

Nepi ikivuja, wengi hukimbilia saizi kubwa zaidi. Mara nyingi kosa liko kinenani, pale ilipokaa vibaya, na nepi kubwa huongeza mianya tu. Pima kiuno na nyonga, kisha chagua saizi kwa kipimo kilicho kikubwa kati ya viwili. Hatua hizi ni za nepi ya wakubwa yenye gundi nne, mbili kila upande.

Ndani yake kuna nyuzi laini za mbao zilizochanganywa na chembe zinazogeuka jeli zikilowa. Nyuzi zikikandamizwa hutema mkojo. Jeli huushikilia hata mgonjwa akiulalia. Ila jeli haina haraka. Mkojo ukitoka kwa nguvu hutambaa juu ya nepi kabla haujanywewa, na kinachouzuia wakati huo ni kuta za lastiki za pembeni.

1. Weka kila kitu karibu: nepi, glavu, maji ya uvuguvugu, vitambaa viwili laini, sabuni isiyo kali, krimu ya kukinga ngozi, mfuko wa taka.

2. Kunja nepi mpya kwa urefu, plastiki ikiwa nje, kisha shika ncha zake mbili uivute kidogo. Kuta za lastiki zitasimama, nepi ikae kama mtumbwi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta shuka lililolowa.

3. Fungua nepi chafu, kunja upande wa mbele kwa ndani, mgeuze mgonjwa alale ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa. Viringisha nepi uitoe kwa nyuma. Osha kutoka mbele kwenda nyuma, usirudi, maana vijidudu vya kinyesi vikifika kwenye njia ya mkojo huleta maambukizi. Kausha kwa kugusagusa. Ngozi iliyolowa ikisuguliwa huchubuka.

4. Kagua kifandugu na nyonga. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole sekunde tatu. Usipofifia, kidonda cha kulalia kimeanza, na nepi bora haitakizuia. Mgonjwa asilazwe tena upande huo, na mhudumu wa afya aarifiwe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tafuta sehemu iliyokolea rangi, yenye joto, ngumu au inayouma.

5. Paka krimu nyembamba, ngozi ionekane chini yake. Ikizidi huhamia kwenye nepi na kuziba safu ya juu. Poda nayo huganda kwenye mikunjo; iache.

6. Pitisha nepi katikati ya mapaja kutoka mbele, ikiwa bado imekunjwa, kisha itandaze nyuma mpaka kiunoni. Mrudishe mgonjwa chali, vuta upande wa mbele. Kwa mwanamume, uume uelekee chini; ukielekea juu, mkojo hutokea tumboni.

7. Funga gundi za chini kwanza, zikielekea juu kidogo, kisha za juu zikielekea chini. Vidole viwili vipite kiunoni. Mwisho pitisha kidole kwenye kila kinena, uhakikishe lastiki haikujikunja ndani.

Usipachike nepi mbili. Plastiki ya ile ya ndani huzuia mkojo usifike ya nje, hivyo unaongeza joto bure.

Mililita zilizoandikwa kwenye pakiti aghalabu hupatikana kwa kuiloweka nepi nzima majini. Ikishavaliwa hubeba pungufu. Ukitaka kujua mgonjwa anakojoa kiasi gani, pima nepi kavu kwenye mzani, kisha iliyolowa. Gramu moja ni takriban mililita moja: gramu 110 ikiwa kavu, 560 ikiwa imelowa, mkojo ni kama mililita 450. Ikija hivyo kila usiku na inavuja, hapo sasa tafuta yenye uwezo zaidi.

Nepi isigeuzwe bandeji, kwa kuwa si tasa, yaani haijaondolewa vijidudu vyote. Pedi ya kidonda inayonyonya ivuke kingo za kidonda kwa sentimita 2 hivi kila upande, na ibadilishwe kabla majimaji hayajafika ukingoni. Pedi yenye chembe za jeli usiikate kwa mkasi ili itoshe: chembe zitamwagika ndani ya kidonda. Tafuta saizi nyingine.