Kupima joto la sufuria inayong'aa kwa kipimajoto cha infraredi

Chemsha maji kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, ilenge ubavuni kwa kipimajoto cha infraredi, kile cha umbo la bastola, na huenda kikakusomea nyuzi 30 na kitu. Wengi hapo hukirudisha dukani. Kifaa ni kizima. Mimi ni fundi wa majokofu, na kijana hashiki kifaa hiki kazini kabla hajafanya zoezi lifuatalo.

Hatua ya 1: Paka masizi. Washa kibatari, shikilia ubavu wa sufuria tupu kwenye ncha ya moto hadi upate doa jeusi la upana wa kiganja. Usiliguse, linafutika upesi.

Hatua ya 2: Chemsha, kisha zima jiko. Maji yapite usawa wa doa. Jiko lazima lizimwe kwa sababu alumini huakisi kama kioo. Moto ukiwaka karibu utapima moto. Usilenge kupitia mvuke pia.

Hatua ya 3: Sogea karibu. Kifaa kilichoandikwa 12:1 (umbali kwa upana wa duara linalopimwa), ukiwa sentimita 30, kinasoma duara la sentimita 2.5. Ukiwa mita moja, duara linazidi sentimita 8. Ile nukta nyekundu ni ya kulengea tu.

Hatua ya 4: Linganisha. Kwenye mipangilio ya kifaa weka ε (sehemu ya mionzi ambayo uso hutoa ukilinganishwa na kitu kinachotoa kikamilifu) kuwa 0.95. Lenga doa: Dar es Salaam utasoma pungufu kidogo ya 100; Nairobi, kwa ule mwinuko, maji yenyewe huchemka kwenye 94 au 95. Sasa lenga palipong'aa, uone namba inavyoporomoka.

Sababu ni kwamba kifaa hakigusi sufuria, kinapokea mionzi yake tu. Mwaka 1860 mwanafizikia Kirchhoff alionyesha kuwa kinachomeza mionzi vizuri ndicho kinachoitoa vizuri. Kinachomeza yote huitwa kitu cheusi, na kwa sheria ya Stefan ya 1879 mionzi yake hupanda kwa kipeo cha nne cha joto la kelvini. Kwenye nyuzi 100, yaani kelvini 373, ni kama wati 1,100 kwa kila mita ya mraba. Masizi hukaribia hapo. Alumini iliyong'arishwa hutoa takriban asilimia 5, wati 55 basi! Juu yake inaakisi wati kama 436 za chumba cha nyuzi 27. Jumla ni 491, sawa na kitu cheusi cha nyuzi 32 hivi. Sufuria iliyochakaa husoma juu zaidi.

Kuna wanaoshusha ε hadi 0.05 ili kusahihisha. Sishauri: sehemu kubwa ya kinachopokelewa ni mionzi ya chumba, na kosa dogo kwenye makisio yake hugeuka kosa la makumi ya nyuzi.

Hatua ya 5: Peleka kazini. Kwenye bomba la shaba la friji nabandika solotepu nyeusi ya umeme, nasubiri ishike joto la bomba, kisha naipima hiyo solotepu. Bomba likiwa jembamba kuliko duara la kifaa, tumia kihisi cha waya kinachogusa bomba lenyewe.